Maji Tuliyoyamwaga: Lenzi za Televisheni Kuukuu katika Somo la Mwanga

Katika vyuo vyetu vya ualimu suala la zana za kufundishia huzungumzwa kila mwaka, na kila mwaka huhitimishwa kwa wito uleule: mwalimu atumie vitu vinavyopatikana katika mazingira yake. Wito huo ni wa haki, na sisi wenyewe tumeutoa mara nyingi mbele ya wanachuo. Lakini ni mara chache huelezwa kwamba kitu kilichookotwa kina asili yake; kwamba kiliundwa na watu wengine kwa kazi nyingine; na kwamba mwalimu anayekigeuza kuwa zana pasipo kuijua kazi yake ya kwanza aweza kupotosha, na hata kudhuru. Katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi sisi wakufunzi wawili wa sayansi tulivyotengeneza projekta kwa lenzi za televisheni kuukuu, na jinsi kazi hiyo ilivyotufunulia makosa mawili ambayo hatungependa walimu wenzetu wayarudie.

Mwaka 2015 chuo chetu kilipewa televisheni kubwa iliyokuwa imekufa. Ilikuwa imekaa miaka mingi katika ukumbi wa nyumba moja ya wageni. Kimo chake kilitufikia kifuani, na vijana wanne waliibeba kwa taabu. Yafaa tueleze umbo lake, kwa kuwa wanachuo wa leo wamezoea televisheni nyembamba za ukutani. Ndani ya sanduku la namna hii mna tyubu tatu ndogo za picha, kila moja ya inchi 7 hivi: moja hutoa picha nyekundu, ya pili kijani, ya tatu buluu. Mbele ya kila tyubu imefungwa lenzi nene. Lenzi hizo hutupa picha tatu kwenye kioo kikubwa cha kuakisi, nacho huzielekeza nyuma ya kiwambo, ambako hupatana hata jicho likaona picha moja yenye rangi zote.

Ufundi huu una historia fupi. Huko Marekani, Henry Kloss alitoa televisheni yake ya kutupa picha, Advent VideoBeam 1000, mwaka 1972. Hiyo ilikuza picha kwa kioo cha kuakisi kilichokuwa ndani ya tyubu yenyewe. Baadaye viwanda kama U.S. Precision Lens cha Cincinnati, Ohio, vilitengeneza lenzi kubwa za plastiki, nazo zikaziwezesha televisheni hizi kuingia majumbani. Mwishoni mwa miaka ya 2000 televisheni bapa zilikuwa zimekwisha kuzishinda, na zile za tyubu tatu zikaacha kutengenezwa. Yaliyobaki ni masanduku yaliyokufa katika maghala na kumbi, na ndani yake lenzi zilizo nzima.

Kwa mwalimu wa sayansi lenzi hizo ni tunu. Lenzi za maabara zetu zina upana wa sentimita 5 hivi, na darasa la watu arobaini haliwezi kuona vema kinachofanyika juu yake. Lenzi ya televisheni ni pana kama mdomo wa bakuli. Upana wake hukaribia urefu wa fokasi yake, na hiyo ni kusema kwamba hukusanya mwanga mwingi mno kwa kimo chake.

Kabla ya kufungua sanduku tulimwita fundi redio wa mjini, na katika hilo peke yake tulitenda kwa busara. Tyubu za picha hupelekewa umeme wa volti zinazokaribia 30,000, na umeme huo huweza kubaki ndani yake hata baada ya waya kuchomolewa ukutani. Tena tyubu ni chupa isiyo na hewa. Ikipasuka, vigae vyake huruka. Fundi aliuondoa umeme uliobaki, akafungua skrubu, akatukabidhi lenzi tatu, kisha akaenda zake na tyubu na vyuma alivyovihitaji.

Baina ya kila lenzi na tyubu yake palikuwa na chumba kidogo cha chuma kilichojaa maji maangavu. Upande wa lenzi chumba hicho kilifunikwa kwa kipande chembamba cha plastiki kilichobonyea kama kisahani cha kikombe. Tuliambizana kwamba maji yale ni ya kupoza tyubu, na ni kweli kwamba huzipoza. Tukayamimina katika chupa tupu ya soda, tukaiweka barazani kwa mmoja wetu, tukikusudia kuyamwaga siku nyingine. Vyumba na visahani vyake tulivirundika katika boksi la takataka. Tulichokitaka tulikuwa nacho mkononi.

Jioni ya pili mtoto wa jirani, mwenye umri wa miaka minne, aliikuta chupa ile. Dada yake alipomfikia, kizibo kilikuwa chini na midomo ya mtoto imelowa. Tulimkimbiza hospitali, na chupa tukaichukua. Mganga aliinusa, akaiinua kwenye taa, akatuuliza neno moja tu: “Haya ni maji gani, walimu?”

Tukatazamana. Sisi tuliokuwa tumekaa siku mbili tukisifiana kwa ustadi wetu hatukuwa na jibu. Ilibidi tumpigie simu fundi, naye akasema kwamba ni dawa ya kupozea, jamii ya ile itiwayo katika rejeta za magari. Mganga hakungoja zaidi. Maji hayo kwa kawaida huwa na ethilini glaikoli, ambayo ina utamu ulimini na ni sumu inayoharibu mafigo. Kwa rehema mtoto alikuwa amelowesha midomo tu. Alitazamwa kwa siku mbili, akarudi nyumbani mzima.

Tulikwenda kwa wazazi wake kuomba radhi. Baba wa nyumba ile alitukaribisha chai, akatuuliza habari za chuo, wala hakutoa neno la lawama. Heshima ile ilitulemea kuliko kama angetugombeza. Njiani tukirudi hatukusema mengi, lakini wote wawili tulikuwa tunaliwaza swali la mganga. Tulikuwa tumeyaita “maji ya kupoza”, na kwa kuwa tulikuwa na jina la kuyaita, tulidhani tunayajua.

Kazi ikaendelea. Kwanza tuliitafuta fokasi ya lenzi kwa njia ambayo kila mwalimu anaijua: tuliielekeza kwenye dirisha lililo wazi, tukasogeza karatasi nyeupe nyuma yake mpaka taswira ya mwembe wa uwanjani ikatulia. Umbali ulikuwa sentimita 8 kwa makadirio. Kisha tukatengeneza sanduku la mbao, tukaipaka ndani yake rangi nyeusi, tukaweka lenzi upande mmoja na simu ya mkononi upande wa pili, kichwa chini, kwa sababu lenzi huipindua picha. Hesabu yetu ilikuwa hii: kiwambo kikiwa sentimita 88 kutoka lenzi, simu yapasa kuwa sentimita 8.8 nyuma yake, na picha itakuzwa mara 10. Kioo cha simu chenye urefu wa sentimita 11 kikawa picha ya sentimita 110 juu ya shuka jeupe. Wanachuo walipiga makofi gizani.

Picha yenyewe ilikuwa hafifu, na haikosi kuwa hivyo, kwa kuwa mwanga uliotoka katika eneo moja ulikuwa umetandazwa juu ya eneo lililo kubwa mara 100. Tena kingo zake zilikuwa na ukungu. Kati palisomeka vizuri. Pembeni herufi ziliyeyuka. Tukaahidi kwamba tatizo hilo tutalitazama.

Ndipo mwanachuo mmoja, binti aliyezoea kukaa nyuma, alipoinuka akauliza: “Mwalimu, nikiziba nusu ya lenzi kwa kiganja, itapotea nusu ipi ya picha, ya juu au ya chini?”

Mmoja wetu alijibu kwamba itapotea ya juu. Mwingine akasahihisha kwamba itapotea ya chini, kwa kuwa taswira imepinduliwa. Tulibishana mbele ya darasa kwa adabu, kila mmoja akichora ubaoni miale yake miwili: mmoja unaokwenda sambamba na mhimili kisha ukapinda kupita katika fokasi, na wa pili unaopita katikati ya lenzi pasipo kupinda. Binti yule alingoja kidogo. Kisha akasogea, akaziba nusu ya lenzi.

Hakuna kilichopotea. Picha ilififia, na upande mmoja ukawa na giza kidogo kuliko mwingine, lakini ilibaki nzima, kutoka ukingo mpaka ukingo. Alisogeza kiganja juu, akakishusha chini, akakiweka kushoto. Picha ilififia na kung’aa, wala haikukatika.

Maelezo yake si magumu kwa mtu aliyekwisha kuona. Kila nukta ya kitu hutoa mwanga kuelekea kila sehemu ya lenzi, na kila sehemu ya lenzi huukusanya mwanga wa nukta hiyo mahali pamoja kwenye kiwambo. Basi kila kipande cha lenzi chatosha kufanya taswira nzima. Ukiziba nusu umepunguza mwanga, hukuikata picha. Ile miale miwili ya ubaoni ni miongoni mwa miale isiyo na idadi. Huchaguliwa kwa sababu ni rahisi kuichora, na basi. Lakini sisi hatukuwahi kuwaambia wanachuo kwamba tunachagua. Tulichora miwili, nao wakaamini kwamba iko miwili. Kibaya zaidi, baada ya kuichora kwa miaka kumi na minne, nasi tuliamini hivyo.

Baadaye tulisoma kwamba kosa hili si letu peke yetu. Mwaka 1987 F. M. Goldberg na L. C. McDermott walichapisha nchini Marekani uchunguzi wao juu ya namna wanafunzi wa chuo kikuu wanavyoielewa taswira halisi ya lenzi. Mojawapo ya maswali yao lilikuwa hili hili la kuziba nusu ya lenzi, na wengi walitabiri kwamba nusu ya taswira itatoweka, wakiwamo waliokwisha kufundishwa somo hilo. Habari hiyo ilitufariji kidogo, kisha ikatutisha. Wanafunzi wale walijikosea wenyewe. Sisi ni wakufunzi wa walimu. Kila mwaka tulikuwa tumewapeleka vijana mashuleni na miale yetu miwili, na kila mmoja wao anafundisha watoto wengi. Hesabu ya waliofikiwa na kosa letu hatukuthubutu kuifanya.

Tangu siku hiyo tuliacha kuahidi kwamba matatizo tutayatazama sisi. Tuliyatazama pamoja na wanachuo. La kwanza likawa lile la kingo zenye ukungu. Tulichora mistari ya mraba juu ya karatasi nyembamba iliyopakwa mafuta, tukaiangazia kwa taa kutoka nyuma, tukaiweka mahali pa simu. Kati ilipokuwa safi, pembeni palikuwa na ukungu. Tukiisogeza karatasi karibu na lenzi, pembeni pakawa safi na kati pakaharibika. Mwanachuo mmoja akashauri tuikunje karatasi kidogo, ili kingo zake za kushoto na kulia zisogee mbele kuelekea lenzi. Tulipofanya hivyo, kingo hizo mbili zilisafika. Za juu na chini zikabaki na ukungu. Lenzi ile, basi, haikutaka kitu kilicho bapa. Ilitaka kitu kilichobonyea kama bakuli.

Hapo swali likageuka: iweje mafundi wa kiwandani watengeneze lenzi yenye kasoro hiyo, nayo imetoa picha nzuri ukumbini kwa miaka? Ama waliitengeneza vibaya, ama sisi hatunayo nzima. Tukalirudia boksi la takataka. Tulitoa chumba kimoja cha chuma pamoja na kisahani chake, tukakikata kwa mawazo katikati, tukachora ubaoni umbo la maji yaliyokuwamo. Upande wa tyubu maji yalikuwa bapa. Upande wa kisahani yalifuata ubonyeo wake: membamba katikati, manene pembeni. Darasa zima liliona kwa pamoja. Umbo hilo ni lenzi mbonyeo.

Maji yale, pamoja na kisahani kilichoyashikilia, yalikuwa lenzi ya mwisho ya mtambo. Yalipoza tyubu, naam, lakini pia yaliinyosha picha mpaka kingoni. Sisi tuliimimina lenzi katika chupa ya soda tukaiweka barazani.

Tulikifunga chumba kile upande wa pili kwa kipande cha kioo cha dirisha, tukakizungushia gundi ya silikoni, na ilipokauka tukakijaza maji safi ya kisima. Tulikirudisha nyuma ya lenzi, tukaisogeza karatasi mpaka fokasi mpya ikapatikana. Mistari ya pembeni ilitokea, si kwa ukamilifu wa kiwandani, kwa kuwa maji hayapindi mwanga sawasawa na ile dawa, lakini ilihesabika yote. Binti aliyeziba lenzi ndiye aliyeihesabu.

Kwa walimu watakaopenda kujaribu, tuna maonyo machache. Asifungue televisheni mtu asiye fundi. Maji ya ndani yapokewe katika chombo chenye kifuniko, kiandikwe SUMU, kifungiwe, tena kisiwe chombo cha chakula wala cha kinywaji. Tyubu zisivunjwe wala kutupwa shimoni, kwa kuwa kioo chake kina risasi. Lenzi nyingi za namna hii ni za akriliki; zifutwe kwa maji, sabuni kidogo na kitambaa laini. Moja kati ya tatu zetu tuliifuta kwa spiriti, ikajaa nyufa kama udongo wa kiangazi. Tena wasistaajabu wakiona ukingo wa rangi kuzunguka picha: kila lenzi ilikuwa na tyubu ya rangi moja tu ya kuhudumia, na katika mwanga mweupe rangi hazikutani zote mahali pamoja. Karatasi ya kijani yenye kupitisha mwanga, ikiwekwa mbele ya taa, huondoa ukingo huo, na jambo hilo nalo ni somo.

Kwa kuonyesha vitu vyenye kupenyeza mwanga tulipata njia bora kuliko simu. Taa ya LED ya pikipiki iliwekwa nyuma ya chupa ya duara ya maabara iliyojaa maji. Chupa hukusanya mwanga na kuuelekeza kwenye lenzi, na mbele ya chupa huwekwa bawa la kumbikumbi au ngozi nyembamba ya kitunguu. Bawa la sentimita 3 huonekana ukutani kwa sentimita 30, na mishipa yake yote. Ila jaribio la kuziba nusu ya lenzi lisifanywe kwa mwanga wa chupa, kwa sababu chupa huupitisha mwanga katika sehemu ndogo tu ya lenzi. Lifanywe kwa simu au mshumaa, ambavyo hutoa mwanga kila upande.

Mwaka 2017, wakati wa mazoezi ya kufundisha, tulifika katika shule moja ya msingi kuwakagua wanachuo, tukamkuta hapo mwalimu tuliyemfundisha zamani. Alifurahi, akatuomba tuketi nyuma ya Darasa la Saba lake. Somo lilikuwa lenzi. Alichora mshumaa, akachora mhimili, akachora mwale wa kwanza na wa pili. Maneno yalikuwa yetu, neno kwa neno, hata kituo alichoweka kabla ya kusema “pasipo kupinda”. Lenzi ya televisheni ilikuwa mkobani mwetu, miguuni.

Kengele ilipolia na watoto kutoka, tulimwuliza swali la kiganja. Alijibu upesi kwamba nusu itapotea.

“Hapana,” tukasema.

“Shikamooni walimu wangu, lakini hivi ndivyo mlivyotufundisha.”

“Ndivyo tulivyokufundisha. Tulikosea.”

Alinyamaza kwa muda, akiutazama ubao wake. Hakuuliza tumejuaje. Aliuliza kama tunacho mshumaa. Kisha akatoka mlangoni akawaita watoto warudi, akafunga madirisha, akawaambia kwamba mchoro ule haukukamilika na kwamba watauona ukikamilika sasa hivi. Alipoiziba lenzi kwa daftari lake, mwali wa mshumaa ulibaki mzima ukutani, ukicheza kichwa chini. Mtoto mmoja akamwomba azibe tena. Akaziba tena.

Lenzi hiyo tulimwachia. Ya pili iko chuoni, na chumba chake kimejaa maji ya kisima yanayobadilishwa kila muhula. Ubavuni mwake wanachuo wamebandika karatasi, nayo imeandikwa kwa herufi kubwa yaliyomo ndani ni nini, na yanafanya kazi gani.